Kidude kitamwambia nani?

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana pembeni kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo Mlimani, bado nakula wali maharage, na bumu likichelewa nakula maharage yenyewe. Kilichonipoteza ni projekti ya mwaka wa mwisho. Natengeneza kifaa cha mkononi, cha kushika kama simu ya tochi, kinachompa mtu habari za afya yake. Kila ninayemwambia anajibu vilevile: "Aaa, kama zile saa za mazoezi!" Basi leo nimeona niweke msuli pembeni niandike kwa kirefu, maana jibu ni ndiyo na hapana.

Kwanza kidude chenyewe. Ubongo wake ni ESP32, kile kisakiti kidogo cha kampuni ya Espressif ya Shanghai ambacho wanafunzi wa umeme wote mnakijua. Sensa ni MAX30102, inayowasha taa mbili kwenye kidole, moja nyekundu na moja ya infraredi ambayo jicho halioni. Damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo hazimezi mwanga kwa namna moja, kwa hiyo ukilinganisha taa mbili zinavyorudi unapata kiwango cha oksijeni, na kwa kuwa damu inakuja kwa mapigo unapata mapigo ya moyo humo humo. Wazo hilo si jipya hata kidogo. Mjapani Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alilitoa mwaka 1974. Skrini nimechukua ya Nokia 5110, zile za zamani, kwa sababu ni rahisi, inakula umeme kidogo, na juani inasomeka vizuri. Betri moja ya lithiamu, vitufe viwili, basi.

Rumeti wangu ni mtu wa jimu. Ana saa inayomhesabia hatua, na zisipofika 10,000 anatoka usiku kuzunguka hosteli hadi zitimie. Mnajua hiyo 10,000 ilitoka wapi? Japani tena. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa iliuza kihesabu hatua ikakiita Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Kutembea ni kuzuri, sikatai, lakini namba yenyewe ilianza kama tangazo, halafu dunia nzima ikaibeba kama amri ya daktari. Rumeti alinishauri na mimi niweke kihesabu hatua na kalori. Akasema watu wanapenda kuona namba zinapanda, na siku ya maonyesho ya projekti majaji nao ni watu.

Sikumbishia. Nikamwazima kile kihesabu hatua chake cha zamani, kile cha kuvaa kiunoni, nikaondoka nacho likizo kwenda Sekenke kwa mjomba.

Kwa wasiopajua: ukitoka Singida mjini kuelekea Nzega unapita Misigiri, halafu barabara inaanza kuteremka. Huo ndio mlima Sekenke, waulizeni madereva wa malori watawasimulia. Ukifika chini unaiona mbuga ya Wembere imenyooka mbele yako, na mji mdogo wa Shelui. Ni Wilaya ya Iramba, makao makuu Kiomboi. Sekenke ni kongwe kwa dhahabu. Wajerumani walianza kuchimba pale mwaka 1909, na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu yake ilitumika Tabora kutengenezea zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Wajerumani wakaondoka, akaja Mwingereza akachimba, naye akaondoka. Leo wapo wachimbaji wadogo, na mjomba ni mmojawao.

Mjomba anaingia kwenye duara asubuhi na mapema. Anashuka kwa kamba na miti, anapiga moko na nyundo, anajaza kiroba, wenzake wanakivuta juu. Siku nyingine ni zamu yake kuvuta. Nilimfunga kihesabu hatua kiunoni siku nzima. Jioni kikaonyesha hatua chache kuliko za rumeti wangu anayezunguka hosteli na soksi nyeupe. Kwa mujibu wa kile kifaa, mjomba wangu ni mvivu! Alipoona akacheka mpaka akakohoa. Akakohoa sana, akainama, akashika goti.

Hicho kikohozi ndicho kilichonipeleka kule, niwaambie ukweli. Mama alishanidokeza kwa simu: "Mjomba wako anakohoa tangu kiangazi kianze, na ukimwambia aende kupima anasema ni vumbi." Na vumbi kweli lipo. Dhahabu ya Sekenke imo kwenye jiwe jeupe gumu, kwatzi, ambalo limejaa silika. Ukilipasua likiwa kavu, au ukilisaga kwenye karasha, linatoa unga mwembamba usiouona. Unga huo ukiingia ndani kabisa ya mapafu hautoki. Unaacha makovu, na makovu hayo ndiyo ugonjwa wa silikosisi, hauna dawa ya kuyafuta. Baya zaidi, mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko ya mtu mwingine. Kwa hiyo mchimbaji anayekohoa akisema "ni vumbi" anaweza kuwa anasema kweli na bado akawa na TB juu ya hilo vumbi.

Ajabu ni kwamba mjomba ni mtu wa vipimo. Dhahabu yake inapimwa kwenye mizani ya gramu, na sehemu ya kumi ya gramu ikipotea atajua, na ugomvi utasikika hadi Shelui. Kifua chake hakijawahi kupimwa.

Nilikwenda na matoleo mawili ya programu kwenye kidude kimoja, kwa makusudi, nione yupi ataleta nini. Toleo la kwanza linafanya kama saa za dukani: weka kidole, soma namba. Toleo la pili linauliza maswali kabla ya kuwasha taa yoyote.

Toleo la kwanza. Mjomba akanawa mikono, akaweka kidole. Hapo penyewe pana kazi. Vidole vyake vina sugu nene, na ana tabia ya kubonyeza kwa nguvu kama anabonyeza moko. Ukibonyeza sana damu haipiti, na sensa haioni kitu. Tukahangaika, mwishowe tukatumia kidole kidogo na kumwambia akiweke kama anamgusa mtoto aliyelala. Namba ikaja: oksijeni 97. Mtu mzima asiye na tatizo huwa kwenye 95 hadi 100. Mjomba akanitazama kwa ushindi. "Si umeona? Mzima. Mwambie mama yako."

Wadau, hiyo ndiyo namba niliyokuwa naiogopa kuliko zote. TB ikiwa ndiyo inaanza, au hata ikiwa imeshakaa, oksijeni inaweza kubaki nzuri tu. Kipimo cha kidole hakipimi TB. Mtu anayekohoa miezi mitatu akipata 97 amepewa cheti cha kutokwenda zahanati, na cheti hicho kimetoka mkononi mwa mpwa wake msomi.

Na kuna la pili, ambalo wanafunzi wa vifaa tiba mnalijua. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika kwenye New England Journal of Medicine kuhusu hivi hivi vipimo vya kidole mahospitalini Marekani. Walichukua wagonjwa ambao kifaa kilisema wako kati ya 92 na 96, wakalinganisha na damu iliyopimwa moja kwa moja kutoka kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weusi, vipimo asilimia 11.7 damu ilikuwa chini ya 88, yaani pabaya, wakati kifaa kinasema si mbaya. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Ngozi nyeusi inameza mwanga zaidi, na vifaa vingi havikurekebishwa kwa ajili yake vya kutosha. Sasa wewe niambie, mjomba wangu Mnyiramba, mweusi wa kuiva na jua la Wembere, unamwonyesha namba ya sensa ya bei ndogo halafu unamwambia atulie?

Nilipowaeleza haya hapa chuoni, msimamizi wangu aliuliza swali la haki kabisa: "Kama namba huiamini, sensa ya nini? Itoe, ubaki na maswali." Nililala nalo siku mbili. Jibu nililompelekea ni hili. Kosa la kifaa kwa ngozi nyeusi lina upande. Mara nyingi linapandisha namba, linaifanya ionekane nzuri kuliko ilivyo. Kwa hiyo namba nzuri haina maneno, lakini namba mbaya ina uzito. Kidude kikisema 90, huenda hali ni 90 au chini zaidi. Ni kweli kidole cha baridi au chenye sugu nacho kinaweza kuishusha namba, ndiyo maana kinarudia kwenye vidole vitatu tofauti. Ikibaki chini ya 92 kote, kinasema nenda hospitali leo. Ikiwa juu, kinanyamaza. Hakionyeshi namba wala alama ya kijani, na neno "mzima" halimo kabisa kwenye programu. Rumeti anasema hakuna duniani mtu atakayenunua kifaa kinachokataa kukusifia. Huenda ni kweli.

Toleo la pili sasa, la maswali. Hili sikulitoa hewani. Kabla simu za kupapasa hazijaenea, palikuwa na jaribio Mtwara, Brian DeRenzi na wenzake waliliandika mwaka 2008. Wahudumu wa zahanati walipewa vikompyuta vidogo vya mkononi ambavyo ndani yake mlikuwa na ule mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto chini ya miaka mitano. Kile kikompyuta hakikuwa na sensa. Kilikuwa kinamuuliza mhudumu: mtoto anakohoa? Siku ngapi? Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka, huenda ni nimonia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna swali linalorukwa. Na mnakumbuka Wazazi Nipendeni ya mwaka 2012, ile ya kutuma ujumbe kwenda 15001? Nayo haikumpima mama mjamzito kitu chochote. Ilimkumbusha tu kwa Kiswahili wiki hii afanye nini, kwenye simu aliyonayo tayari.

Basi maswali ya TB yako manne tu, na zahanati yoyote wanayajua: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kukonda bila sababu. Kazi ikawa kuyaingiza kwenye skrini. Skrini ya 5110 ina nukta 84 kwa 48. Herufi moja inakula nukta 6 kwa 8, kwa hiyo unapata herufi 14 kwa mstari, mistari 6. Kiswahili chetu kina maneno marefu jamani! Nimekaa usiku mzima nahesabu herufi kama mtunzi wa mashairi anayehesabu mizani. "Unakohoa wiki" herufi 13 na nafasi yake, chini yake "2 au zaidi?" Imeingia. "Umekonda bila" 13, "sababu?" Imeingia. Halafu nikaandika "Nenda zahanati", nikahesabu: 14 kamili. Chini yake "upime makohozi": 14 kamili. Nilipiga kelele rumeti akaamka. "Nenda hospitali" ndiyo imenikatalia, ni 15, imebidi "Nenda" ikae peke yake juu. Kuna na ukurasa wa mwisho kwa kila mtu, mgonjwa na asiye mgonjwa: "Lowanisha mawe". Nayo 14. Jiwe likimwagiwa maji kabla ya kupasuliwa vumbi linapungua, na maji hayahitaji betri.

Mjomba akashika kidude. Vitufe viwili, NDIYO na HAPANA. Kikohozi: akabonyeza ndiyo. Homa: hapana. Jasho usiku: akakaa kimya kidogo, akabonyeza ndiyo. Hilo hata mama hakuwa analijua. Kukonda: akautazama mkanda wake, akabonyeza ndiyo. Skrini ikasema kilichosema, na chini kabisa "Ni bure", maana kupima TB na dawa zake za miezi 6 ni bure nchini kwetu.

Nilidhani atabisha. Akakigeuza geuza kile kidude, akakitazama nyuma, akaniuliza:

"Mjomba, hiki kitamwambia nani?"

"Kitamwambia vipi?"

"Hizi ndiyo nilizobonyeza. Zinakwenda wapi?"

Akanieleza. Pale duarani watu wanafanya kazi kwa mgao. Mwenye duara analisha, mawe yakitoka kila mtu ana fungu lake. Mtu akijulikana ana TB hakuna atakayetaka kushuka naye shimoni, kule chini wanapumuliana usoni. Ataambiwa apumzike. Na akipumzika leo, mawe yakatoka kesho, fungu lake amelikosa, na miezi yote aliyochimba bila kupata kitu imekwenda na maji. "Mimi si kwamba sitaki kupona," akasema. "Ila nitakufa njaa kabla sijapona."

Kuna rafiki yangu hapa chuoni, mtu wa kompyuta, alikuwa ananishawishi niweke laini ya simu humo ndani. Kifaa kimoja kikae kwa mwenye duara, kila mchimbaji apime asubuhi, majibu yaende kwenye ramani yenye rangi. Nakubali ramani ingependeza. Hata serikali ingependa kujua ni wachimbaji wangapi wa Iramba wanakohoa, na mimi pia ningependa. Lakini fikirieni asubuhi moja tu ya kifaa hicho duarani. Kila mtu angebonyeza hapana. Nne mfululizo, bila kusoma. Tungepata ramani nzuri ya watu wazima kabisa, wanaokohoa.

Kwa hiyo nimeamua, na kwenye ripoti nimeliandika kama sharti la usanifu, sura ya tatu. Kidude hakina laini, redio ya Wi-Fi na Bluetooth imezimwa, na hakina kumbukumbu. Ukikizima majibu yamekufa. Kinamwambia aliyekishika, basi. Kazi ya kuandikisha na kufuatilia watu wa nyumbani ni ya zahanati, wana rejista yao, wana kiapo chao, na mtu anafika pale kwa miguu yake akiwa ameamua. Kupunguza kukaa gizani na wenzako shimoni bila dawa ni faida yao wote, na dawa zikianza kufanya kazi uambukizi unashuka. Hilo nalo nilimwambia mjomba: ukienda mapema unawakinga unaokula nao. Alilisikia. Hakujibu.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne akavaa shati safi, akasema anakwenda Shelui mara moja, kuna mtu anamdai. Alirudi jioni na mkate na sukari, na hakutaja deni la mtu yeyote. Usiku aliniita nje akanieleza. Ameniruhusu kuandika kuhusu kikohozi na kuhusu swali lake. Majibu ya kipimo ni yake, kwa hiyo msiniulize, hata wale mnaonijua.

Sasa hali ya kazi, kwa mafundi. Betri inakaa vizuri kwa sababu kifaa kinalala muda mwingi na redio imezimwa. Tatizo kubwa ni vumbi lenyewe, linaingia kwenye vitufe, natafuta mpira wa kufunika (nimezunguka Kariakoo, vilivyopo ni vya rimoti za televisheni, nadhani vitafaa nikivikata). Maandishi ni madogo kwa wazee, na kuna wasiosoma kabisa, kwa hiyo natafuta jinsi ya kuweka sauti. Na jambo moja muhimu: hiki bado ni kitu cha mezani. Kabla ya kukijaribu kwa watu kinahitaji kibali cha maadili cha NIMR, na kabla ya kuuzwa lazima TMDA wakikague. Nimeomba ushauri wa namna ya kuanza na NIMR. Foleni naisikia ni ndefu, lakini nitapanga.

Mliokulia machimboni, Geita, Chunya, Kirondatal, popote, nina ombi. Niambieni kwenu kikohozi cha kudumu kinaitwaje. Sekenke wengi hawasemi "nakohoa wiki mbili", wanasema "kifua kinanisumbua", na mtu akiulizwa kwa neno lisilo lake anabonyeza hapana kwa moyo safi. Neno liwe na herufi zisizozidi 14 tafadhali.

Haya, desa la Kontroli Sistimu linanisubiri na UE iko mlangoni. Wikiendi njema wote, na anayekohoa aende akapime.